Rangi Haitibu Kutu: Dhana Potofu Kuhusu Magari ya Spoti ya Zamani

"Fundi, paka puti hapo juu ya kutu, ukishapiga rangi hakuna atakayeona." Kauli hii ya kuficha kutu kwa puti, ule uji mzito unaokauka wa kujazia mabonde ya bati, imenichosha, hasa kwa kuwa huwa inatoka kwa watu wanaoyapenda magari yao kweli.

Kutu unayoiona nje ilianza ndani zamani. Maji na tope hujikusanya kwenye mihimili ya chini ya milango, kwenye mikunjo iliyo juu ya magurudumu na chini ya betri, sehemu ambazo hata rangi ya kiwandani haikufika vizuri. Ukiona kiputo kwenye rangi, mara nyingi bati limeshatoboka au limebaki jembamba kama karatasi. Puti hunyonya unyevu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo itaisukuma puti hiyo hadi ibanduke pamoja na rangi uliyoilipia.

Hapo hatujagusa usalama. MGB, gari la spoti la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1962, haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Mihimili ile ikioza, hasa kwenye gari lisilo na paa, bodi hulegea katikati na milango hukataa kufunga sawasawa. Kuificha kwa puti ni kumhatarisha atakayeliendesha. Kwa Porsche 911, toleo la 1976 ndilo la kwanza ambalo sehemu kubwa ya bodi ilikuwa ya bati lililopakwa zinki ya kuzuia kutu. Za kabla ya hapo usizinunue kwa kutazama mng'ao.

Kazi yenyewe ni hii: kata bati bovu mpaka ufikie chuma kizima, chomelea kipande kipya, safisha mafuta yote, kisha piga praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyohiyo, kwa sababu bati tupu kwenye hewa yenye unyevu huanza kushika kutu ndani ya saa chache. Puti ni ya kusawazisha tu, tena iwe nyembamba. Mwisho pulizia nta ndani ya mihimili. Wengi huiacha hatua hii, nami naisisitiza kuliko hata kung'arisha. Unapokwenda kununua gari, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika kwenye bati, chini yake kuna puti nene. Kwa Corvette, gari la spoti la Marekani, haitakusaidia, maana bodi yake ni ya faiba tangu 1953.

Wengine huniuliza kuhusu dawa ya kugeuza kutu. Inafaa kwa kutu ya juujuu pekee. Haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Kupuliza mchanga si njia bora kwa kila kitu. Kwenye boneti, milango na paa, mchanga mkali hupindisha bati, na kulinyoosha tena ni kazi ngumu. Huko tumia dawa ya kutoa rangi na msasa.

Rangi nyingi haileti mng'ao mwingi. Rangi nene hupasuka. Mng'ao huletwa na msasa uliopigwa kwa subira kabla ya rangi.

"Barakoa ya vumbi inatosha." Haitoshi hata kidogo! Hadina, dawa inayochanganywa na rangi za kisasa ili zigande, ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Unahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na yeyote asiyekuwa nayo asimame mbali.

Na hii ya kwamba rangi nyekundu hupandisha bei: wanunuzi makini hutafuta rangi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Kubadili rangi kikamilifu ni kupaka hadi ndani ya buti, fremu za milango na chumba cha injini. Kabla hujafungua hata skrubu moja, piga picha kibao chenye namba ya rangi, kisha inua zulia au chungulia nyuma ya dashibodi. Huko jua halikufika, na rangi ya asili mara nyingi bado ipo.