Kwa nini kokwa moja la embe hutoa miche mitatu

Mkulima wa Unguja au Pemba aliyefukia kokwa la embe, kisha akaona machipukizi matatu yakitoka mahali pamoja, huenda akadhani kuwa watoto wamefukia makokwa mengine juu yake. Kokwa ni lile lile moja. Ila miche ile haikuzaliwa kwa njia moja, na yumkini miwili kati yake haina baba kabisa.

Kwa kawaida, mbegu huanza pale chavua inapotua juu ya ua na kupeleka mbegu mbili za kiume ndani ya ovari: moja huungana na yai na kufanya kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, na ya pili huanzisha chakula cha kukilisha. Kiinitete hicho hupata nusu ya kromosomu zake, yaani nyuzi zibebazo jeni za urithi, kwa mama na nusu kwa baba, nazo jeni za kila mzazi zimekwisha kuchanganywa upya, ndiyo maana kokwa la boribo tamu laweza kuzaa mwembe wa embe chachu zenye nyuzi tele, na mwenye shamba akalijua hilo baada ya miaka mingi ya kuutunza.

Baadhi ya miembe, pamoja na midimu, michungwa na michenza, ina njia ya pili. Seli za mwili wa mama zilizo kando ya yai huanza kukua zenyewe zikawa viinitete visivyopokea jeni yoyote ya chavua, na kila kimoja ni nakala ya mti mama. Isidhaniwe kwamba nyuki hana kazi hapo, kwani katika jamii ya michungwa viinitete hivyo kwa kawaida huhitaji chakula kitokanacho na utungisho ili vikomae.

Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kuwa katika jamii hiyo tabia hii inafungamana na kipande kidogo cha DNA kilichojipachika mbele ya jeni iitwayo CitRWP. Kurithi kipande hicho kwa mzazi mmoja kwatosha. Balungi, ambalo wengine huliita furungu, halina, na kila mbegu yake ina kiinitete kimoja tu cha baba na mama. Chungwa, ambalo asili yake ni mchanganyiko wa balungi na chenza, limekipata kwa upande wa chenza.

Kwa embe, jina la aina lisikutoshe kujua kama kokwa lake lina nakala. Chukua kokwa lililokauka kidogo, pasua ganda lake pembeni kwa kisu bila kukijeruhi kiini, kisha menya ngozi ya kahawia. Ukikuta mapande mawili yaliyolingana kama ya haragwe, kiinitete ni kimoja, na mti wa aina hiyo hauna budi kubebeshwa, yaani kijiti chake kuungwa juu ya shina la mche mwingine, ikiwa unataka tunda lile lile. Ukikuta mapande mengi yasiyolingana, yaliyobanana, kila kundi na ncha yake ya mzizi, basi hapo zimo nakala za mama.

Miche ikishaota, itenganishe mapema mizizi ingali laini. Inayofanana majani na kimo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa nakala, nayo hufaa sana kwa mashina ya kubebeshea kwa kuwa hukua sawasawa. Ule usiofanana na wenziwe huenda ndio wenye baba, nao mara nyingi ni dhaifu, na vitaluni hung'olewa. Mimi naomba mmoja mmoja uachwe, utiwe alama na upandwe pembezoni mwa shamba, kwa sababu nakala haziwezi kutupa aina mpya ya embe wala kinga mpya dhidi ya maradhi.