Jimu kila siku, au dakika ishirini mara mbili kwa wiki? Maswali na majibu

Nakaa Mbagala, kazi yangu iko Posta. Mwalimu wa jimu anasema bila siku sita kwa wiki najidanganya. Rafiki yangu anasema dakika ishirini mara mbili kwa wiki zinatosha, mradi nijitume. Nimsikilize nani?

Kwa hali yako, rafiki yako, ingawa kuna jambo moja amelisahau na tutalifikia. Msuli haukui wakati unanyanyua. Pale unaupa kazi tu. Ujenzi unafanyika kwa siku moja au mbili zinazofuata, mwili unapotengeneza protini ya msuli kwa kasi kuliko kawaida, kisha kasi inashuka. Tafiti zimeonyesha kwamba jumla ya kazi ya wiki ikiwa ileile, kuigawa kwa siku mbili au tano hakuleti tofauti kubwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima aimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mbili.

Halafu piga hesabu. Seti moja ya kunyanyua mara kumi inakula kama sekunde 40. Ukifanya seti 12, chuma kimekaa mikononi mwako dakika nane. Muda mwingine wote umekwenda kwenye kupumzika, simu, kusubiri benchi na stori za Simba na Yanga. Stori sizikatazi, ila tusiziite mazoezi. Ukijumlisha na foleni ya Barabara ya Kilwa, ratiba ya siku sita utaiacha kabla mwezi haujaisha.

Haya mambo ya "mara chache lakini kwa nguvu" yametoka wapi?

Aliyeyavumisha ni Mmarekani Arthur Jones, mtengenezaji wa mashine za Nautilus, miaka ya 1970. Alihubiri seti moja tu kwa kila zoezi, lakini isukumwe mpaka msuli ugome. Mwaka 1973 huko Colorado alimsimamia mtunisha misuli Casey Viator kwa siku 28, kisha akatangaza kwamba kijana ameongeza zaidi ya pauni 60 za misuli, yaani kama kilo 28. Namba hiyo bado inatumika kuuzia watu programu za mazoezi. Kisichosemwa ni kwamba Viator alikuwa tayari ameshachukua taji la Mr. America mwaka 1971, na kabla ya jaribio alikuwa amekonda kutokana na ajali na ugonjwa. Alikuwa anarudisha mwili wake wa zamani, na msuli uliowahi kuwepo hurudi haraka. Isitoshe, msimamizi wa jaribio ndiye huyohuyo muuza mashine.

Hata hivyo Jones hakukosea yote. Kwa anayeanza, seti moja ya bidii inampa sehemu kubwa ya nguvu ambayo angeipata kwa seti tatu.

"Kwa nguvu" ni kiasi gani hasa?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tuseme umelala kwenye benchi unasukuma chuma kutoka kifuani. Mara ya kwanza hadi ya sita kinapanda vizuri. Ya nane kinapunguza mwendo chenyewe, ingawa wewe unasukuma vilevile. Ya tisa kinasita katikati, mkono wa kushoto unachelewa, uso unakunjamana. Umebakiwa na moja au mbili. Rudisha chuma mahali pake. Kwenda mbele zaidi mpaka ushindwe kabisa kunaongeza faida ndogo, na kama huna mtu wa kukushikia, chuma kinaweza kukukalia shingoni.

Upande wa pili, anayemaliza kumi huku anapiga soga hajafanya kitu, aongeze uzito. Chagua mazoezi matano: kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua mzigo kutoka chini, kusukuma mbele, kuvuta kuelekea tumboni, kusukuma juu ya kichwa. Kila moja seti moja au mbili za mara nane hadi kumi na mbili, ukishusha taratibu. Ukifikisha kumi na mbili bila kupinda mgongo, ongeza kidogo safari inayofuata. Andika kwenye daftari, kwa sababu kichwa kinasahau na kinapenda kujisifu. Mtu anayenyanyua uzito uleule tangu Januari anatunza alichonacho, haongezi.

Mbona wanaoshinda jimu ndio wenye miili?

Kwa ukubwa wa misuli, wingi wa seti una maana. Seti kama kumi kwa wiki kwa kila msuli zinakuza kuliko tatu, na huwezi kuzibana zote kwenye dakika ishirini. Anayetaka mwili wa jukwaani aende mara nyingi. Pia wapo wanaochoma sindano za kukuza misuli ambazo hawatakutajia.

Nina presha. Mtindo huu unanifaa?

Mazoezi ya vyuma yakifanywa kwa utaratibu husaidia kuishusha presha kidogo. Hatari iko kwenye ule wakati wa kujikamua. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima watunisha misuli vijana, wazima wa afya, wakisukuma mzigo mzito kwa miguu: wastani wa kilele cha presha ulifika 320 kwa 250. Mishipa ya kijana inaweza kuvumilia kwa sekunde chache. Ya mtu anayekunywa dawa ya presha akikumbuka, nisingeijaribu.

Kwa hiyo: usibane pumzi, toa hewa wakati wa kusukuma. Tumia uzito mwepesi unaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15, na uache mapema, usingoje msuli ugome. Presha ikiwa 160 kwa 100 au zaidi, muone daktari kwanza. Kifua kikibana au kichwa kikiuma ghafla, acha na uende hospitali.

Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 64 na ana kisukari. Si atavunjika?

Marahaba. Atakayevunjika kirahisi ni yule anayekaa tu. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya chakula, na inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Mama aanze na kiti: akae na kuinuka bila kushika kitu, mara nane, apumzike, arudie. Ikizoeleka ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kwa umri wa miaka 65 na kuendelea, mwongozo ule wa 2020 unataka pia mazoezi ya kujimudu asianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ni mwanzo mzuri, na haimlazimu kungoja mwaka mmoja uliobaki.

Kama anachoma insulini au anameza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, apime sukari kabla na awe na soda au pipi karibu. Kutetemeka na kutokwa jasho baridi si uchovu, ni dalili kwamba sukari imeshuka mno.

Joto la Dar lina shida?

Lina shida, hasa Desemba hadi Machi, na hasa kwa mtu aliyeanza wiki hii kwa pupa. Msuli uliolazimishwa kupita kiasi unaweza kupasuka ndani na kumwaga vitu vinavyoziba figo. Dalili ni maumivu makali, uvimbe, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ukiuona, ni hospitali siku hiyohiyo.

Jambo lisilozungumzwa jimu ni selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Watanzania wengi wamebeba kinasaba chake kimoja bila kuugua. Mtu huyo anaweza kufanya mazoezi, lakini akijilazimisha ghafla kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji, anaweza kuanguka. Apande pole pole, apumzike kati ya seti, na akisema amechoka asizomewe.

Kwa hiyo nikinyanyua vyuma sina haja ya kukimbia?

Hilo ndilo rafiki yako alilolisahau. Dakika arobaini za chuma kwa wiki hazichukui nafasi ya mazoezi ya moyo. Unahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kukimbia. Kushuka vituo viwili kabla na kutembea haraka kunahesabika. Jumapili asubuhi Coco Beach pia kunahesabika, ukitembea.

Sina hela ya jimu.

Vile vyuma vya uswahilini, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, vinafanya kazi ileile. Msuli haujui bei. Ila pima kila upande kwenye mizani, kwa sababu kopo moja mara nyingi huzidi jingine, na tikisa bomba kabla ya kulipitisha juu ya kichwa: zege likilegea kwenye kopo, halifai tena.