Kuchangia uwanja si kuazimwa uwanja

Katibu wa timu ya mpira alisimama kwenye kikao cha michezo cha kata yetu akasema, kwa nia njema kabisa: "Hawa wenzetu wa riadha tumewachangia uwanja wetu Jumanne na Alhamisi." Watu wakapiga makofi. Kocha wa wakimbiaji akanyanyuka, akashukuru. Uwanja wenyewe ni wa halmashauri, na umechongwa kwa greda la halmashauri. Nimeisikia kauli ya namna hiyo mara nyingi mno mwaka huu, nikaona niandike.

Kuchangia uwanja ni michezo zaidi ya mmoja kulitumia eneo lilelile, kila mmoja kwa haki yake, kwa ratiba waliyopatana. Maana ndiyo hiyo. Tatizo liko kwenye ile "tumewachangia."

Kitenzi cha msingi ni kuchanga, yaani kukusanya kidogokidogo kutoka kwa wengi ili kipatikane kimoja. Watu huchanga fedha za msiba, na mcheza karata huzichanga kabla ya kuzigawa. Kutoka hapo tukapata mchango, na nadhani hata kuchanganya ni wa ukoo huohuo. Kuchangia kwa asili ni kutoa sehemu yako kwa ajili ya jambo: unachangia harusi, unachangia ujenzi wa darasa. Maana ya kutumia kitu pamoja imekuja baadaye, na kila aliyewahi kupanga chumba mjini anaijua kutoka kwenye matangazo ya madalali: "chumba kimoja, choo cha kuchangia." Wasomi wa lugha wapo wanaokunja uso wakiisikia. Mimi siikatai, kwa sababu imebeba mantiki nzuri. Wapangaji wanachangia choo kwa kuwa kila mmoja amelipa kodi yake. Wazee walikuwa na neno la jambo hilohilo, kula bia, yaani kila mtu aje na chake kisha sinia liwe moja. Mbia na ubia vimetoka huko.

Sasa tazama sarufi inavyomsaliti katibu wetu. Ukisema "tunachangia uwanja na wanariadha," hiyo "na" inawaweka pande mbili kwenye mizani moja. Ukisema "tumewachangia wanariadha uwanja," silabi moja tu, "wa," imewageuza wapokeaji wa mchango, kama bwana harusi. Mpokeaji hushukuru. Ndiyo maana yule kocha akashukuru, akashukuru kwa kitu ambacho kodi yake imelipia kama ilivyolipia ya katibu.

Viwanja vingi vya mikoani Tanzania vilijengwa enzi za chama kimoja, na wananchi walichanga kwa maana halisi ya neno: fedha, mawe, mchanga, nguvu zao. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja hivyo vikabaki mikononi mwa CCM, Kirumba ya Mwanza ikiwemo, na mjadala wa nani mwenye navyo haujawahi kulala. Lakini hata katika mjadala huo utasikia "viwanja vya mpira." Aliyebeba mchanga hakuulizwa kama anapenda mpira au kuruka juu.

Mpira wenyewe, kwanza, ni utomvu wa mti. Tukaliita hivyo tufe linalodunda, kisha tukauachia mchezo mmoja jina lote, kana kwamba mpira wa pete, wa wavu na wa kikapu ni ya kambo. Riadha imepata mkasa wa kinyume. Kwa Kiarabu ni michezo yote, soka likiwemo, na mzizi wake ni wa kumfunza farasi akazoea. Lilipofika kwetu likafinywa likabaki kukimbia, kuruka na kutupa. Hivyo jina pana likawa jembamba, na jina la utomvu likameza uwanja mzima.

Nisiwaonee watu wa mpira. Malalamiko yao mengine ni ya kweli. Mkuki na nyundo vinachimba nyasi, na njia ya kukimbilia inamweka shabiki mbali na goli. Hata vipimo vinabanana. Njia ya kawaida ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, na mizingo yenye nusukipenyo cha mita 36.5. Weka katikati uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68, na vibendera vya kona vitabaki kama mita moja tu kutoka ukingo wa ndani wa njia. Unaingia, lakini kama mguu kwenye kiatu kipya. Viwanja vya Mkapa (Dar es Salaam), Kasarani (Nairobi) na Namboole (Kampala), vilivyochezewa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, vyote vimeishi na ubano huo.

London waliamua kulipia ubano. Uwanja wa Olimpiki ya 2012, ambako Mkenya David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91, ulijengwa kwa fedha za umma. Klabu ya soka ya Tottenham walitaka njia ya kukimbilia iondolewe kabisa, ikakataliwa. Klabu nyingine, West Ham, wakaingia mwaka 2016 kama wapangaji wa miaka 99, riadha ikabaki na haki ya majira ya joto, na viti vya chini vinasogezwa mbele na nyuma kwa mamilioni ya pauni yanayouma mfuko wa umma. Wengi wanaucheka mpango huo, na kwa hesabu za fedha wana haki. Ila jambo moja liko wazi pale: hakuna anayesema West Ham wamewachangia wanariadha uwanja. Mpangaji anaitwa mpangaji.

Msamiati hatujakosa. Ukikata eneo kwa uzio, huku wavu na kule soka, hapo mnagawana. Mkitumia eneo lilelile kwa zamu, mnapokezana, na neno hilo wenye riadha wanalijua kuliko sisi sote, maana ndilo la mbio za vijiti. Ukiwa na hati ya uwanja, umeununua kwa fedha ya klabu, kisha ukamruhusu jirani aingie jioni mbili, umemwazima, na ana sababu ya kukushukuru.

Kwa hiyo, katibu, ratiba yako ya Jumanne na Alhamisi ni nzuri, iache hivyohivyo. Kwenye muhtasari wa kikao futa "tumewachangia," andika "tunachangia uwanja na wenzetu wa riadha," na ukiweza futa na lile "wetu."