Kabla ya kung'oa dirisha la zamani

Dirisha la mbao katika nyumba ya zamani huoza kuanzia chini. Juu, kwenye kivuli cha upenu, utakuta mbao ngumu na kavu. Chini, pale miimo ya fremu, yaani nguzo zake za pembeni, inapokalia kizingiti, bisbisi inaingia bila kusukumwa. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanzia hapo, wakiwa na bisbisi na chaki, kabla hawajashika randa. Wengine huchukia. Wamekuja kutengeneza vitu, mimi nawaambia wagongegonge madirisha ya watu.

Mji wetu si wa kale kama Lamu au Unguja. Lubumbashi, huku Katanga, kusini mwa Kongo, ilianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa yapata mwaka 1920. Ndiyo maana wengi huziona nyumba zetu za matofali zenye baraza kuwa kuukuu tu, si urithi. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni ipo, lakini sheria haizibi bati linalovuja. Tofali lililochomwa vizuri linajitetea lenyewe. Kinachotangulia kufa ni mbao: madirisha, milango, nguzo za baraza, na ncha za makombamoyo zinazochungulia nje ya bati.

Mwenye nyumba akishachoka, maneno huwa ni yaleyale: "Papa fundi, toa yote, weka aliminiumu." Nami hujibu, "Mama, tuyapime kwanza."

Fremu nyingi za zamani hazikupachikwa baada ya ukuta kuisha. Zilisimamishwa, halafu matofali yakajengwa kuzizunguka, na masikio ya fremu, zile ncha zinazotokeza pembeni, yakafungiwa ndani ya ukuta. Ukiing'oa kwa mtaimbo unang'oa plasta, unavunja kona za matofali, na wakati mwingine unailegeza linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Isitoshe, mbao unayoitupa mara nyingi ni bora kuliko utakayoinunua. Moyo wa mulombwa, mti ambao Tanzania wanauita mninga, hausinyai sana unapokauka, wala haujipindi ovyo, na mchwa huuacha. Leo sokoni unauziwa mkaratusi uliopasuliwa juzi, bado mzito kwa maji. Tengeneza dirisha kwa mbao ile mwezi wa pili, na mwezi wa nane utaweza kupitisha kidole kwenye ufa.

Basi bisbisi. Chomeka kwa kufuata nyuzi za mbao, sentimita chache kwa sentimita chache, ukipanda juu. Pale inapogoma, chora mstari kwa chaki. Mara nyingi mstari hauko mbali: kiganja kimoja au viwili juu ya kizingiti. Juu ya hapo dirisha zima ni zima, na mwenye nyumba mwenyewe akiuona mstari ule hupunguza haraka ya aliminiumu.

Kisha utafute maji yanatoka wapi. Kuvu wanaoozesha mbao hawaishi bila unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, hawana kazi. Kwa hiyo kila mbao iliyooza ina maji yake: mfereji wa bati uliotoboka, udongo wa maua uliorundikwa mpaka kwenye kizingiti, au bomba linalotiririka ukutani. Huku kwetu, kisababishi ninachokikuta kuliko vyote ni simenti. Mtu aliona shimo kwenye mbao, akachanganya simenti, akaziba, akapaka rangi. Simenti haitembei na mbao. Mvua zikianza mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, na kati yake na simenti unabaki mwanya mwembamba ambamo maji yanaingia na hayatoki. Ukibandua kiraka kama hicho unakuta nyuma yake uji wa kahawia. Laiti shimo lingeachwa wazi, lingekauka kila kiangazi.

Mchwa nao wana hesabu yao. Katanga ni nchi ya vichuguu, na matofali mengi ya mji huu yametoka kwenye udongo wa vichuguu hivyo hivyo. Tumechukua nyumba zao, wanakuja kula zetu. Ukiona vijia vya udongo vikipanda ukutani kuelekea mbao, vunja kimoja na urudi baada ya siku chache. Kikijengwa upya, wamo. Kabla ya dawa yoyote, shusha udongo uliogusana na mbao, na uache ukuta uonekane chini kabisa, ili vijia vijavyo visipate pa kujificha.

Hapo ndipo useremala wenyewe unaanza, na kwa kazi ya nyumba za zamani kiungo cha kwanza kujifunza ni cha kuunga mwimo kwa mshazari. Pita mstari wa chaki, uingie kama sentimita tano ndani ya mbao nzima, ukate. Mkato uwe mrefu mara tatu au nne ya unene wa mwimo, maana gundi inahitaji uso wa kushika, na kwenye ncha za nyuzi haishiki sawasawa. Angalia pia upande wa kulaza mkato: kipande cha zamani cha juu kifunike kile kipya kwa upande wa nje, kama bati la juu linavyolifunika la chini. Ukigeuza, kila tone linalotelemka kwenye mwimo litaingia moja kwa moja ndani ya kiungo. Nimebandua viungo vilivyokatwa kwa ustadi mkubwa vikiwa vimeoza kwa sababu hiyo tu.

Kipande kipya kiwe cha mti uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, na kiwe kimekauka. Kama unaweza, kitafute kwenye mbao za mabaki ya nyumba iliyobomolewa. Misumari ya zamani usiikongoe. Pitisha wembe wa msumeno wa chuma katikati ya mbao na mbao, uikate humo humo. Kiungo kikishagundishwa, tia vigingi viwili vya mbao. Upande usioonekana, chonga mwaka kwa ncha ya patasi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, juu ya kuhifadhi majengo ya kale, unataka sehemu mpya ipatane na jengo lakini itambulike kuwa mpya, na unasema urekebishaji uishie pale kubahatisha kunapoanza. Mwaka uliochongwa kwa siri unatimiza la kwanza. La pili ni gumu zaidi: kama hakuna alama wala picha ya urembo uliokuwepo juu ya mlango, usiubuni.

Zana si nyingi: msumeno wa meno madogo, patasi ya milimita 12 na ya 25, randa, pembemraba, jiwe la kunolea. Vijana hukimbilia mashine, na umeme ukikatika wanakaa. Noa patasi kwa pembe ya digrii 25, halafu ukingo wenyewe digrii 30, na mgongo uwe bapa kabisa. Ijaribu kwenye ncha ya kipande cha msonobari: ikikata safi, endelea, ikiponda nyuzi, rudi kwenye jiwe. Msonobari ni laini na hausamehe patasi butu, kinyume na watu wanavyodhani.

Rangi nyeupe ya zamani ichukulie kuwa ina risasi, madini yenye sumu, mpaka ithibitike vinginevyo. Usiichome kwa moto, usiipige msasa ikiwa kavu. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye mfuko, na watoto wa parseli, yaani wa kiwanja cha nyumba, wakae mbali.

Kazi ya kuunganisha ifanye kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, lakini ukumbuke kwamba mbao iko katika wembamba wake wote. Acha milimita mbili au tatu kuzunguka ubawa wa dirisha, ile sehemu inayofunguka, la sivyo mwezi wa kumi na mbili halitafunguka, na mwenye nyumba atalipiga teke. Rangi ya mwisho iwe imekauka kabla ya Oktoba kuisha, ukianzia na ncha za chini za ubawa, zile ambazo hakuna anayeziona na ndizo hunywa maji kwanza.