Kazi Kwanza, Ndege Baadaye: Mahitaji ya Vita vya Angani Yanavyochambuliwa

Watu wakijua kazi yangu huniuliza ndege gani ya kivita ni bora kuliko zote. Silijibu swali hilo mpaka niambiwe ndege inakwenda kufanya nini. Ninachambua mahitaji ya majeshi ya anga kabla ya ununuzi kuanza, na sehemu ngumu iko mwanzoni kabisa: kuieleza kazi bila kutaja ndege yoyote.

Ombi huja hivi: "Tunahitaji ndege mpya za ulinzi wa anga." Hapo jibu limetangulia swali. Basi nauliza: nani azuiwe asifanye nini, wapi, kwa siku ngapi, usiku au mchana, na ana silaha gani? Baada ya mabishano marefu tunafikia kauli inayopimika, kwa mfano: ndege za adui zisiweze kuipiga bandari fulani, usiku na mchana, kwa siku 30 mfululizo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme tunataka ndege mbili ziwe juu ya bandari hiyo muda wote, na kituo chetu kiko kilomita 500 kutoka hapo. Kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, kwenda ni kama dakika 35 na kurudi vivyo hivyo. Mafuta yakiruhusu doria ya dakika 90, jozi itabadilishwa mara 16 kwa siku, yaani safari 32. Ndege moja ikiweza safari mbili kwa siku, zinatakiwa ndege 16 nzima. Lakini hakuna kikosi ambacho ndege zake zote huamka nzima: nyingine ziko karakanani, nyingine zinasubiri vipuri. Utayari ukiwa asilimia 60, hizo 16 zinakuwa 27, na bado hatujagusa mafunzo, mapumziko ya marubani wala ndege zitakazoangushwa. Wakubwa wengi hushtuka hapa, na wana haki ya kushtuka.

Ndege za kujaza mafuta angani zikirefusha doria hadi saa nne, safari zinashuka hadi 12 kwa siku. Njia nyingine ni marubani kukaa chini tayari, waruke rada inapotoa tahadhari. Ila adui akionekana kilomita 400 kutoka bandarini, akija kwa kilomita 800 kwa saa, anatuachia dakika 30. Ndege yetu inahitaji dakika 35 baada ya kupaa. Haimuwahi, hata rubani awe hodari namna gani. Kumbe pengo linaweza kuwa la rada, la kiwanja kilicho karibu, au la makombora ya kujihami yaliyowekwa bandarini penyewe.

Kuna pia mapengo ambayo hayahitaji kununua ndege kabisa, na naona hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Katika vita vya Vietnam, makombora ya angani ya jeshi la majini la Marekani yalikuwa yakikosa shabaha mno. Mwaka 1968 Kapteni Frank Ault alipewa kazi ya kutafuta sababu. Alilifuatilia kombora tangu linapoundwa, linavyotunzwa melini, hadi rubani anavyolifyatua, na akakuta udhaifu kila hatua, mafunzo yakiwemo. Machi 1969 shule ya mapigano ya angani ikafunguliwa Miramar, California. Uwiano wa ndege za adui zilizoangushwa kwa kila moja iliyopotea, uliokuwa karibu 2 kwa 1, unatajwa kufikia kama 12 kwa 1 mapigano ya angani yaliporejea baada ya kusimama kwa muda. Ndege ya jeshi hilo ilibaki F-4 Phantom, tena bado haina mzinga wa ndani.

Takwimu za brosha nazo hazisemi kitu zikitengwa na jiografia. Mwaka 1982, katika vita vya Falkland, Mirage III za Argentina zilikuwa na mwendo mkubwa kuliko Sea Harrier za Uingereza. Lakini hazikuweza kujazwa mafuta angani na zililazimika kuruka kutoka bara, hivyo zilipofika visiwani zilibakiwa na dakika chache tu za kupigana. Mtu aliyezipima kwa kasi peke yake asingeliona hilo.

Kabla ya kufunga uchambuzi, huwa natafuta nambari moja ambayo ikibadilika, jibu lote linageuka. Katika mfano wetu ni umbali wa tahadhari. Ukitoka kilomita 400 hadi 700, tunapata dakika 52. Toa tano za kupaa na 35 za safari, zinabaki 12, na ndege za kusubiri chini zinatosha. Tatizo ni kwamba dunia ni mviringo. Ndege iliyo mita 10,000 juu, rada iliyo usawa wa bahari haiioni ikiwa zaidi ya kama kilomita 410. Ikishuka hadi mita 100, ni kama kilomita 40 tu. Kwa hiyo ombi lililoanza na ndege za ulinzi sasa linatutaka tulinganishe gharama za mambo mawili kwanza: ndege za kubeba rada, au vituo vya rada vilivyotangulizwa mbele ya bandari.