Hewa Inayonukia Si Hewa Safi: Dhana Potofu Kuhusu Upimaji wa Hewa Katika Hoteli za Kifahari

Nimesimama mara nyingi katika kumbi za mapokezi za hoteli za kifahari, kipima hewa kikiwa mkononi, huku meneja akivuta pumzi ndefu na kuniambia, "Mtaalamu, si unasikia mwenyewe hewa ilivyo safi hapa?" Anachokisikia ni manukato. Mashine ya kunyunyiza harufu imefichwa nyuma ya ukuta, au imeunganishwa na bomba la kiyoyozi, ili mgeni aikumbuke hoteli kwa harufu yake hata baada ya kurudi kwao. Sina ugomvi na nia hiyo ya kibiashara. Ninachokipinga ni imani kwamba hewa inayonukia vizuri ni hewa safi, kwa sababu nimeikuta karibu katika kila hoteli niliyoitwa, na kwa sababu ndiyo inayozuia matatizo mengine yote yasionekane.

Manukato ni kemikali zinazovukiza, na hayaondoi kitu chochote hewani bali yanaongeza. Limonini, ambayo hutoa harufu ya machungwa na malimau katika manukato na sabuni nyingi za usafi, ikikutana na gesi ya ozoni inayoingia kutoka nje huzaa gesi iitwayo fomaldehaidi pamoja na chembechembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Fomaldehaidi hiyo ndiyo ile ile inayotoka katika gundi ya mbao za MDF, yaani mbao za unga wa miti uliogandamizwa, na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa shirika hilo unataka isizidi miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 30. Chumba kilichokarabatiwa majuzi, chenye makabati mapya, zulia jipya na rangi mbichi, huitoa kwa wingi zaidi kadiri joto na unyevu vinavyopanda. Na hapo ndipo hoteli nyingi huongeza manukato ili kuifunika "harufu ya upya". Pua ya mgeni inatulia, lakini mapafu yake yanapokea mizigo miwili badala ya mmoja.

Katika hoteli moja nilifunga kihisi cha kemikali zinazovukiza karibu na mapokezi, na baada ya siku chache grafu ikaonyesha vilima vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, usiku na mchana. Fundi mkuu aliamini kwamba kihisi kimeharibika. Tuliketi pamoja mbele ya skrini, yeye akitazama saa yake, na kila mashine ya manukato ilipopuliza, mstari ulipanda papo hapo kisha ukashuka polepole, na kabla haujafika chini mashine ikapuliza tena. Tulipoizima kwa siku moja vilima vyote vilitoweka, na mahali pake kikajitokeza kilima kimoja kikubwa ambacho hatukuwa tumekiona kabla: saa ya alfajiri, wakati sakafu inapopigwa dawa ya kung'arisha milango ikiwa imefungwa. Ombi la meneja lilikuwa kwamba kihisi kihamishiwe mbali na mashine. Nilikataa, na nitakataa popote nitakapoombwa jambo hilo, kwa maana kihisi kinachohamishwa ili kisione hakina kazi tena.

Imani hiyo hiyo ndiyo inayoleta mashine za ozoni katika vyumba vilivyovutiwa sigara. Ozoni huwasha njia za hewa na ni hatari hasa kwa mwenye pumu. Kiwango kinachoweza kupunguza harufu ya moshi ni kile ambacho binadamu hapaswi kukivuta kabisa, na mabaki ya moshi yaliyonaswa na mapazia hubaki pale pale na kuungana na ozoni kutengeneza kemikali nyingine. Fua mapazia, safisha zulia na kuta, kisha ingiza hewa ya nje. Sijaona njia ya mkato iliyofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Dhana ya pili kwa ukaidi ni kwamba kiyoyozi huleta hewa mpya. Viyoyozi vingi vya vyumbani huvuta hewa ya chumba kile kile, huipitisha juu ya koili baridi na kuirudisha. Hewa ya nje huja kwa bomba lake lenyewe, ikiwa bomba hilo lipo na ikiwa hakuna aliyelifunga ili kupunguza gharama ya umeme. Hapa kabonidaioksidi ndiyo shahidi mzuri. Tangu mwaka 1858, mtaalamu wa afya wa Ujerumani Max von Pettenkofer alipopendekeza jijini Munich kiwango cha sehemu 1,000 kwa milioni, tunaitumia gesi hiyo kupima kama hewa iliyokwisha kupumuliwa inaondolewa. Namba hiyo si mpaka wa sumu, na anayeitumia kuwatisha wageni anakosea. Ni ishara ya uingizaji hewa. Hewa ya nje ina sehemu zinazozidi 420 kidogo, lakini chumba walimolala watu wawili, mlango na madirisha vikiwa vimefungwa na bomba la hewa ya nje likiwa dhaifu, kinaweza kupita 2,000 kabla hakujapambazuka. Mgeni huamka na kichwa kizito na kuilaumu safari.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kifaa kimoja katika ukumbi wa mapokezi kinatosha. Ukumbi una dari ndefu na milango inayofunguka kila dakika, na mgeni halali humo. Wekeni kihisi chumbani, kwenye kimo cha pua, yaani kati ya mita 1.1 na 1.7 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, tundu la kiyoyozi na mto wa mlalaji, kisha msome mstari wa usiku mzima badala ya kutazama taa ya kijani saa nne asubuhi. Chunguzeni pia aina ya kihisi. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu havipimi kabonidaioksidi hata kidogo; huikadiria kutokana na kemikali zinazovukiza, kwa hiyo mhudumu akipuliza manukato kifaa hutangaza kwamba chumba kimejaa watu. Na hata vihisi halisi, vile vinavyotumia mwanga, vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba ndani ya siku kadhaa vitakutana na hewa inayokaribia ya nje. Katika hoteli isiyolala, dhana hiyo haitimii, na kihisi huanza kusoma chini ya ukweli kidogo kidogo. Mimi huvitoa nje mara kwa mara na kuvilinganisha na hewa ya wazi.

Chumba baridi si lazima kiwe kikavu. Katika maeneo yenye unyevunyevu, feni ya bafuni inayotoa hewa nyingi kuliko inayoingizwa huvuta hewa ya nje kupitia nyufa za kuta, na maji hujikusanya nyuma ya karatasi za ukutani za vinili (plastiki), ambako ukungu huota bila kuonekana. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa siku nyingi, bandueni pembe moja ya karatasi mtazame.

Vichujio vya HEPA, yaani vichujio vya hewa vya nyuzi laini mno, hunasa chembechembe kwa ustadi mkubwa, lakini gesi hupita. Gesi huhitaji mkaa maalumu unaobadilishwa kwa wakati. Kihisi cha kabonidaioksidi hakigundui kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini, hivyo kila chumba kilicho karibu na boila (mtambo wa kuchemshia maji), jenereta au jiko la gesi kinahitaji king'ora chake chenyewe ambacho muda wake haujaisha.

Mwisho ni swali ninaloulizwa na kila mwenye hoteli aliyesoma kuhusu mkasa wa Philadelphia, Marekani, wa mwaka 1976, ambapo wajumbe wa mkutano katika hoteli ya Bellevue-Stratford waliugua nimonia isiyojulikana na 29 kati yao wakafariki: je, vihisi vya hewa vitanionya? Havitaonya. Bakteria ya Legionella, iliyosababisha mkasa huo, huzaliana katika maji ya uvuguvugu, na humfikia mtu kwa matone madogo ya bafu, ya bwawa la maji ya moto au ya mnara wa kupozea maji ya viyoyozi. Hutafutwa kwa kupima maji. Kwa hiyo anayeniuliza hivyo namwomba kwanza kipimajoto, ili tuone kama maji ya moto ndani ya tangi yanafika nyuzi 60 za Selsiasi, na orodha ya vyumba ambavyo mabomba yake hayajafunguliwa wiki nzima.