Chimbua Uyoga Mpaka Chini, Usiukate kwa Kisu

Mvua zikishika Masasi, Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, mafungu ya uyoga hupangwa kando ya barabara, umepanguswa udongo na kukatwa shina vizuri. Mnunuzi hupenda usafi huo. Sisi wa maabara tunaitaka ile sehemu iliyobaki porini.

Uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani ni Amanita phalloides, asili yake Ulaya, huota penye mizizi ya mialoni. Kofia yake ni ya kijani chenye umanjano, matamvua chini ya kofia ni meupe, shina limevaa pete nyembamba, na kitako chake kimekaa ndani ya kifuko cheupe kilichozama udongoni. Kisu hukiacha kifuko hicho ardhini.

Miombo yetu nayo ina jamii ya Amanita. Mmoja, Amanita masasiensis, watafiti waliupa jina la Masasi mwaka 1994. Ugumu uko hapa: uyoga kadhaa wa jamii hii wenye kifuko huliwa miomboni. Kwa hiyo kifuko peke yake hakithibitishi sumu, lakini kama huujui uyoga ule kwa hakika, kinatosha kukufanya uuache. Uyoga wa kichuguu hauna kifuko. Shina lake huchongoka kama mzizi kuelekea ndani ya kichuguu.

Wapo wanaopima sumu kwa kijiko cha fedha au kitunguu saumu, au kwa kuangalia kama mdudu ameula uyoga. Kijiko na kitunguu havipimi chochote. Konokono huula ule wa Ulaya na kuendelea na safari yake. Kuchemsha na kumwaga maji hakusaidii, wala kuuanika, maana amatoksini, sumu ya uyoga huo, haivunjwi na moto wala jua. Tena walionusurika husema ulikuwa mtamu.

Dalili huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24: kutapika, kuhara, tumbo kusokota. Kwa kuwa mboga ililiwa jana, watu hushuku maji au kipindupindu. Kisha huja nafuu ya siku moja hivi, na hapo ndipo wengi hubaki nyumbani huku ini likiharibika.

Nenda hospitali kabla ya nafuu hiyo. Taja saa mliyokula, beba mabaki mabichi na maganda kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, maana humo huoza upesi. Waliokula chungu kimoja waende wote, hata asiyeumwa.